MREJESHO: Lile swali la kutafuta wateja LinkedIn

Wakuu habari, niliuliza kama LinkedIn (ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi) inafaa kutafutia wateja wa huduma ya uhasibu au ni ya wasaka ajira tu, nikaahidi mrejesho, ndo huu.

Aisee inafaa, ila kwa anayeuza kwa makampuni. Aliyenishauri nianze na profaili yangu kabla ya ukurasa wa kampuni ubarikiwe, maana ukurasa ukiposti wanaona wachache mno, watu wanafuata jina na sura ya mtu. Pale chini ya jina (panabeba herufi 220 tu) nikatoa "Mkurugenzi Mtendaji" nikaweka "Nasaidia biashara ndogo kufunga hesabu za mwaka bila presha", toka hapo watu wanakuja inboksi wenyewe. Posti iliyotembea kuliko zote wala haikuwa tangazo, nilielezea tu tofauti ya faida na hela iliyopo benki, mmoja akakomenti "ndo maana kwenye vitabu nina faida ila mishahara nakopa", tukachati palepale kwenye komenti na sasa hivi ni mteja.

Matangazo ya kulipia nimeyaacha kwanza, kila anayebofya unakatwa na bei yake si ya kitoto. Na nyie mnaomuomba mtu muunganishwe, akikubali tu sekunde hiyohiyo mnammwagia katalogi nzima, jamani mnakera.

Aliyeuliza kuhusu Premium (LinkedIn ya kulipia), bado niko kwenye ya bure na inanitosha.