Mjadala: Mtoto mwenye usonji afundishwe kuchanganyika, au wenzake ndio wafundishwe kucheza naye?

Wadau, naomba hili tulijadili bila kuoneana haya. Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwetu lilizuka bishano ambalo halikuisha. Mzazi mmoja alitaka watoto wa kitengo cha usonji (autism), yaani darasa lao maalum ndani ya shule, watoke na wenzao kwenye mapumziko na vipindi vyote vya michezo. Mwingine akasimama akasema wabaki kitengoni kwanza, "mpaka wawe tayari". Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na naona wote wawili waliruka jambo moja: hao watoto wengine tunawaandaa lini?

Msimamo wangu ni huu. Mtoto mwenye usonji, au yule asiyetulia ambaye madaktari wanasema ana ADHD, hujifunza kuishi na watu kwa kucheza na watu. Ila mchezo uwe umepangwa, na wenzake wawe wamefundishwa. Kumfungulia mlango aende uwanjani halafu tukasema amechanganywa, hapana. Nimeona mtoto akimaliza mapumziko yote ukutani anahesabu matundu ya matofali, na kwenye ripoti yake imeandikwa "anashiriki vizuri".

Si hisia zangu tu. Mwaka 2012 mtafiti Connie Kasari na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto 60 wenye usonji waliokuwa wakisoma madarasa ya kawaida. Baadhi walikaa na mtu mzima wakafundishwa namna ya kuingia kwenye mchezo. Kwa wengine, waliofundishwa ni wanafunzi wenzao: jinsi ya kumwona aliyebaki pembeni na kumkaribisha. Njia hii ya pili ndiyo iliyozaa zaidi. Watoto walitajwa na wenzao kuwa marafiki mara nyingi zaidi, na upweke uwanjani ukapungua. Sisi tunampeleka mtoto peke yake kwa mtaalamu, kisha tunamrudisha kwenye uwanja uleule, kwa watoto walewale ambao hakuna aliyewaambia chochote.

Kuhusu mchezo wenyewe, wengi wamesikia habari za Lego, vile vipande vya plastiki vya kujengea. Daniel LeGoff, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Marekani, alichapisha mwaka 2004 matokeo ya vikundi vya watoto waliojenga pamoja kwa kugawana kazi: mmoja anasoma mchoro, mmoja anatafuta vipande, mmoja anajenga, halafu wanabadilishana. Kilichonivutia ni ule mgawanyo wa kazi, maana vipande vyenyewe hatuna na ni ghali. Rede tunayo. Warushaji wawili, mmoja katikati anakwepa mpira huku anajaza chupa mchanga, wengine wanangoja zamu. Nina mwanafunzi asiyeweza kabisa kuvumilia mpira ukimjia. Tulimpa kazi ya kuamua kama chupa imejaa. Hakuna anayehesabiwa ameshinda mpaka aje kwake aulize, "Imejaa?" Mwanzoni alijibu kwa kidole gumba, bila neno. Baadaye akaanza kumwita kwa jina anayefuata kuingia. Siku moja alikataa chupa ya mtoto anayeogopwa na darasa zima, mchanga ulikuwa haujafika shingoni, na yule mkubwa akarudi kuujaza.

Jambo jingine ninalolipinga waziwazi ni kumlazimisha mtoto: "Niangalie machoni nikiongea nawe!" Sisi wenyewe mtoto akimkodolea macho mtu mzima tunasema hana adabu, leo tunaligeuza kuwa kipimo cha kupona? Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh waliwapa watu wazima hadithi waipokezane mmoja baada ya mwingine. Vikundi vya wenye usonji watupu viliifikisha sawa na vya wasio na usonji watupu. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa.

Karibuni mchangie.

MZAZI, TANGA
Mwalimu, shikamoo. Umeongea vizuri ila mimi nimeumwa na hayo mambo ya kuchanganya. Mwanangu walimwita zezeta muhula mzima, wakawa wanampigia makofi sikioni wamwone anavyopiga kelele. Sasa yuko kitengoni, analala usingizi. Halafu huo utafiti wako wa Edinburgh unanipa haki mimi: kama wanaelewana wenyewe kwa wenyewe, niachie mwanangu na wenzake.

MWALIMU WA KITENGO, NAIROBI
Hapa kitengo cha City Primary kilianza mwaka 2003, wazazi wa Autism Society of Kenya wakishirikiana na shule ya umma, kwa hivyo kuwa na kitengo ndani ya ua mmoja na watoto wengine si jambo geni. Lakini ua mmoja si mchezo mmoja. Rede yenu sisi huiita kati, na nakubali inafaa. Swali ni nani atasimama uwanjani. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, Tanzania 2009, na kifungu cha 24 kinataja elimu jumuishi waziwazi. Lakini wakati wa mapumziko mwalimu wa zamu ni mmoja na watoto ni mamia. Mwambieni mkuu wa shule aweke saa ya huo mchezo kwenye ratiba kwanza.

MLETA MADA
Marahaba, mama. Pole sana, na kwa hayo aliyofanyiwa mtoto ulifanya vyema kumwondoa. Nakubali pia kwamba anahitaji marafiki wanaofanana naye, na hao wasiondolewe kamwe ili apelekwe kwingine. Ninachokataa ni kuishia hapo, kwa sababu jioni anarudi mtaani, na waliokuwa wakimpigia makofi sikioni ndio majirani zake wa kesho. Hao ndio ninaotaka wafundishwe, na wafundishwe kabla yeye hajaingia uwanjani.

Mwalimu wa Nairobi, hapo umenibana kweli. Kwetu tumeanza na kipindi kimoja cha michezo kwa wiki, kikundi cha watoto sita, mimi nikiwapo. Mapumziko bado hatujayagusa.

Linalonisumbua sasa, na nataka kusikia wazazi hasa: tunapowaandaa wanafunzi, tumtaje mtoto na hali yake? Wale wa utafiti wa Kasari waliwafundisha watoto kwa ujumla, bila kumnyooshea kidole mmoja. Lakini darasa langu tayari linajua ni nani, na linauliza. Mama wa Tanga, mwanao ungependa aelezwe vipi kwa wenzake, na nani aseme: wewe, mimi, au yeye mwenyewe?