Mafuta ya breki: uangalie rangi, upime kwa kalamu, au uhesabu miaka?

IST_Nyeupe: Wakuu, habari zenu. Nina IST niliyonunua kwa mtu mwaka jana. Fundi wa kwanza kafungua kikopo cha mafuta ya breki, kachungulia, akasema "hii ni chai ya rangi, mwaga." Wa pili kachomeka kalamu ya kupimia unyevu, ikawaka kijani, akasema yako poa. Nimsikilize nani?

Gia_ya_Pili: Mkuu, rangi ni dalili tu. Mafuta mapya ni mang'avu, yana umanjano kidogo, yakikaa yanakolea. Ila adui ni maji, na maji hayana rangi. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani polepole. DOT 3 (hilo ni daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishaingia maji kama asilimia 3.7 inaweza kuchemka kwenye 140 hivi. Mimi yalinikuta Kitonga, nateremka na mzigo, uvivu wa kushusha gia, mguu kwenye breki kila kona. Ghafla pedali ikazama mpaka kwenye kapeti. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Nilishusha gia moja moja, nikavuta handibreki taratibu, nikaegesha. Baada ya nusu saa breki zikarudi kama vile hakuna kilichotokea. Na rangi ilikuwa nzuri kuliko hiyo chai yako!

Mama_Spana: Pole, hiyo Kitonga haina mjomba. Kalamu ninayo gereji, ila siiamini peke yake. Inapima yaliyo kwenye kikopo juu, wakati yanayopata moto yako chini kwenye kalipa, kile chuma cha gurudumuni kinachobana pedi. Mtu akiongeza mapya leo, kesho inawaka kijani. Mimi nalegeza nati ya kutolea upepo, natoa kidogo kwenye chupa safi. Yakitoka meusi yana chembechembe, sina haja ya kalamu. Halafu kikopo kikipungua usikimbilie kuongeza, kagua pedi kwanza. Zikilika, mafuta yanashuka.

Raskazone: Mie naendesha hapa Tanga mjini tu, mlima sina. Si naweza kukaa hata miaka mitano?

Mama_Spana: Ndugu yangu, na huo unyevu wa pwani? Kampuni nyingi za magari zinasema miaka miwili hivi, angalia kitabu cha gari lako. Maji yanatia kutu ndani ya mfumo hata kama hujawahi kuona mlima.

Raskazone: Haya. DOT 4 naweza kuweka kwenye gari la DOT 3?

Gia_ya_Pili: Unaweza, zinachanganyika. DOT 5 ndiyo usiiguse, ile ni ya silikoni. Na usije ukamimina oili ya stelingi humo, mipira yote inavimba.

IST_Nyeupe: Nimempigia aliyeniuzia, nikamuuliza mara ya mwisho alibadilisha lini. Kanijibu, "Kwani hayo yanabadilishwa?" Mama Spana, Jumamosi mnafungua saa ngapi?