Ushauri: Kulala kwenye hema kisiwani Assateague mwezi wa Januari tukiwa na mtoto

Baba Imani

Habari zenu wanajamvi. Niko Silver Spring, Maryland. Binti yangu ana miaka 11, na tangu walipofundishwa shuleni habari za farasi pori wa Assateague hana wimbo mwingine. Wikiendi ya Martin Luther King nitakuwa na mapumziko, nimewaza twende tukalale huko usiku mbili: mimi, yeye, na shemeji yangu aliyefika kutoka Morogoro mwezi wa tisa. Mama Imani hajakataa, ila amesema niulize kwanza waliowahi kulala huko wakati wa baridi.

Kwa msiokijua, ni kisiwa chembamba cha mchanga chenye urefu wa kilomita 60 hivi, kimelala kando ya pwani ya Maryland na Virginia. Mbele ni Atlantiki, nyuma ni ghuba. Hakina hoteli wala duka la chakula. Majira ya joto watu wanajaa. Mimi nataka mtoto akione kikiwa kimetulia.

Hema letu ni la kawaida la watu wanne, mifuko ya kulalia tunayo, na godoro la kupuliza lipo. Je, vinatosha? Farasi wanaonekana Januari? Au nisubiri mpaka Juni?

Mdigo wa Tanga

Kaka, Juni usisubiri. Kuanzia mwishoni mwa Mei mbu na nzi wanaouma wa kisiwa kile hawasemeki, na farasi wenyewe huwakimbia nzi hao wakaja kusimama ufukweni. Januari hakuna mbu wala nzi hata mmoja. Muda umechagua vizuri, vifaa ndiyo bado.

Usiangalie kipimajoto peke yake. Mchana utakuta nyuzi 5 mpaka 8, usiku mara nyingi inashuka chini ya sifuri, na aliyezoea Maryland ataona kawaida. Kinachowaondoa watu pale usiku wa manane ni upepo. Hakuna mlima wala jengo la kuuzuia. Ule mbaya wa majira haya unatoka kaskazini-mashariki, upande uleule unakotoka kaskazi ya kwetu, ila huu unakuja na mvua baridi.

Halafu vigingi. Vile vifupi vinavyouzwa pamoja na hema havishiki mchangani hata kidogo, upepo ukivuta mara moja vinatoka. Chukua mifuko midogo ya kitambaa, jaza mchanga, funga kamba ya hema katikati ya mfuko, chimba shimo la kufika kiwiko, laza mfuko humo, fukia na ukanyage kwa nguvu mpaka mchanga ukaze. Fanya hivyo pembe zote na kwa kamba za pembeni. Mkiwa watu wawili kazi inaisha kabla chai haijachemka. Mlango wa hema uelekee kule upepo unakokwenda, siyo unakotoka.

Dada Rehema RN

Mimi ni nesi, nitasema ya afya tu.

Godoro la kupuliza la kawaida ni baridi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hewa iliyo ndani inapoa na kukaa baridi chini ya mgongo wako usiku kucha. Weka mkeka mnene wa povu juu yake, au laleni kwenye mikeka miwili ya povu mliache godoro nyumbani. Kwenye mifuko ya kulalia soma kiwango cha baridi kilichoandikwa, na tambua kwamba kile cha chini kabisa ni cha kunusuru maisha, hakimaanishi utalala usingizi.

Mtoto asilale na nguo alizoshinda nazo. Jasho na unyevu wa bahari vimeshaingia humo. Mbadilishe zote, soksi pia. Akianza kutetemeka bila kukoma, au mikono ikashindwa kushika vitu vizuri na maneno yanamchanganya, hapo safari imeisha. Mwingize kwenye gari, washa hita, mpe kitu cha moto cha kunywa.

Na nakuomba sana kaka yangu: jiko la mkaa lisiingie hemani, hata likibaki makaa tu, hata kwa dakika chache. Jiko la gesi vilevile. Kaboni monoksaidi haina harufu, na waliolala hawaamki. Shemeji ndiyo kwanza amefika, mwambie mapema na kwa uzito, kwa sababu kwetu watu wengi wanaota moto wa jiko ndani ya nyumba.

Baba Imani

Asante sana dada, nimeelewa, na shemeji nimemsomea hapa hapa. Vipi kuhusu maji, choo na kupata nafasi?

Nyange_wa_Lamu

Usiku huruhusiwi kulala upande wa Virginia, kambi ziko Maryland tu. Kuna bustani ya jimbo na kuna eneo la taifa. La jimbo kambi yake hufungwa wakati wa baridi, hivyo unayoitaka ni ile ya Huduma ya Hifadhi za Taifa, upande wa bahari. Kwa kawaida, tangu katikati ya Novemba mpaka katikati ya Machi hakuna kuweka nafasi mapema, anayefika kwanza ndiye anayechagua. Angalia tovuti yao kabla hujaondoka maana baadhi ya sehemu hufungwa.

Vyoo ni vya shimo. Maji beba ya kutosha kutoka nyumbani, na usiku chupa zilale nanyi ndani. Kuni nunueni karibu na kisiwa, msizitoe Silver Spring, kwa sababu wadudu wanaoua miti husafiri ndani ya magogo. Moto ukiwashwa ufukweni, uwe chini ya alama ya maji kujaa, na uzimwe kwa maji. Usiufukie. Makaa yaliyofukiwa mchangani hukaa na joto kwa saa nyingi na mtu mwingine atayakanyaga.

Kingine watu wasichokifikiria ni urefu wa usiku. Jua linazama kama saa kumi na moja jioni na linachomoza baada ya saa moja asubuhi. Hiyo ni saa 14 za giza na mtoto ndani ya hema. Beba taa, karata, kitabu, na upike chakula cha jioni mapema.

Mama Wanjiku Baltimore

Mimi naona mngojee Aprili. Mtoto wa miaka 11 akiteseka usiku wa kwanza, hatataka tena kusikia habari ya kambi maisha yake yote. Shemeji pia hajawahi kuona baridi hata moja, pole sana kwake.

Mdigo wa Tanga

Mama Wanjiku una hoja. Jibu langu ni walale usiku mmoja, na gari liegeshwe karibu na hema. Ocean City iko umbali wa kilomita 13 hivi na zipo hoteli zinazofungua mwaka mzima. Wakikosa raha saa nne usiku, waondoke.

Mwalimu Kheri

Baba Imani, mweleze binti kwa nini kisiwa ni kitupu, atafurahi. Zamani kilikuwa kimeungana na nchi ya Ocean City. Kimbunga cha Agosti 1933 kikakata mlango wa bahari katikati, na watu wakaujengea kuta za mawe usizibe. Kuta zile zinazuia mchanga unaosafiri kuelekea kusini, ndiyo maana ncha ya kaskazini ya Assateague imesogea sana upande wa bara. Miaka ya 1950 viwanja viligawanywa na barabara ya lami ikajengwa kwa ajili ya mji wa mapumziko. Dhoruba ya Machi 1962 ikasomba nyumba na barabara, na mwaka 1965 serikali ikakifanya hifadhi ya taifa. Vipande vya lami bado mtavikuta kwenye njia fupi ya miguu ya matuta ya mchanga. Mkiwa huko msipande matuta yenyewe, nyasi zake ndizo zinazoshika mchanga.

Farasi Januari wana manyoya mazito na hukaa zaidi kwenye misitu na kinamasi cha upande wa ghuba, kwa hiyo watafuteni huko. Muwe mbali nao angalau mita 12, kama urefu wa basi. Wanauma na wanapiga mateke. Chakula chote kikae ndani ya gari, kwa sababu wamejifunza kufungua masanduku ya barafu. Mtawaona pia paa wadogo wa sika, asili yao Asia, walioletwa miaka ya 1920. Kupe hawalali siku ya joto kidogo, mkagueni mtoto. Na kwa kuwa uwindaji unaruhusiwa sehemu fulani majira haya, vaeni rangi ya chungwa mkienda msituni.

Baba Imani

Nimepata nilichokuja kutafuta. Tutalala usiku mmoja, Jumamosi. Utabiri wa Alhamisi ukionyesha dhoruba ya kaskazini-mashariki, tunaahirisha bila mjadala. Mikeka ya povu naenda kununua kesho, na mama Imani ameanza kushona mifuko ya mchanga.

Nyange_wa_Lamu

Angalia na upepo wa daraja la Chesapeake Bay siku ya kurudi. Ukiwa mkali wanatoa tahadhari, na ukizidi wanalifunga, kwa hiyo Jumatatu ya kupumzika iache wazi.