Duomo wanakutajia ngazi 463 kabla hujalipa, hoteli ya Firenze ilitufichia 38

Wakuu, habari za jioni. Nimesubiri wiki mbili nikidhani hasira itapoa ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivi hivi.

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka wa Jubilei, 2025, alitoka Moshi na kundi la hija la parokia kwenda Roma. Wenzake walipomaliza na kurudi nyumbani, mimi nikashuka kutoka Hamburg ninakofanya kazi, nikamchukua twende Firenze siku nne apumzike kabla ya safari ndefu. Magoti yanamsumbua mwaka wa sita sasa. Ngazi anapanda kwa kushika ukuta, mguu mmoja kwanza, wa pili unafuata, anapumua, anaendelea. Ombi lake lilikuwa moja tu: asali Misa ya Jumapili ndani ya Duomo, lile kanisa kuu la Firenze lenye kuba la vigae vyekundu, ambalo picha yake ilikuwa kwenye kalenda sebuleni kwetu tangu mimi nasoma darasa la pili.

Kwa hiyo hoteli sikuichagua kwa kubahatisha. Nilitafuta siku kumi. Nilitaka mahali pa katikati ili asitembee sana, kitanda kizuri, bafu lisilo na kizingiti kirefu, na lifti. Nikapata moja ya nyota tatu, mwendo wa dakika tatu kutoka Duomo, euro 640 kwa usiku tatu, pesa hairudishwi ukighairi. Kabla sijalipa niliwaandikia kwa maneno yanayoeleweka: mama yangu ni mzee, hawezi kupanda ngazi, je, mna lifti? Jibu likaja ndani ya saa moja: ndiyo, lifti ipo, karibuni sana. Nikalipa.

Alhamisi tukafika stesheni ya Santa Maria Novella. Treni ya kasi kutoka Roma ni kama saa moja na nusu, mama alifurahia kila dakika. Kutoka stesheni hadi Duomo si mbali, tukaamua kwenda polepole kwa miguu, mimi nikiburuta masanduku mawili juu ya yale mawe ya barabarani. Na hapa niseme jambo ambalo hakuna aliyeniambia: Firenze nyumba zina namba za aina mbili. Nyekundu ni za maduka na biashara, nyeusi au bluu ni za makazi, na kila aina inahesabu kivyake. Namba 20 nyekundu na namba 20 nyeusi zinaweza kuwa mbali kabisa kwenye mtaa huo huo mmoja. Kwenye anwani ile nyekundu huwekewa herufi r. Sisi tulisimama mbele ya duka la mikoba ya ngozi tukiuliza hoteli, mwenye duka akatuonyesha kwa kidole tulikotoka. Mama alikuwa ameshaanza kuchechemea.

Tukaupata mlango. Mlango mkubwa wa mbao, ndani kuna giza kidogo, na mbele yetu ngazi za mawe. Nikatafuta lifti kulia, nikatafuta kushoto. Hakuna. Nikabonyeza kengele, kijana wa mapokezi akashuka, akasema lifti inaanzia ghorofa ya kwanza.

Nimezihesabu. Ni ngazi 31 kutoka mtaani mpaka kwenye mlango wa lifti. Yale majengo ya zamani yana dari ndefu, ghorofa moja yao ni kama moja na nusu ya kwetu. Mawe yamelika katikati kwa kukanyagwa miaka mingi, yanateleza, na mkono wa kushikia uko upande mmoja tu. Upande wenyewe ulikuwa wa goti lake baya.

Mama alifika ngazi ya kumi na nne akasimama. Akatoa kanga kwenye mkoba, akaitandika juu ya jiwe, akakaa. Akaniambia, "Tangulia na mizigo mwanangu, mimi nakaa hapa kidogo." Alikaa dakika ishirini. Watu wanapita, wanamruka, wanaomba radhi. Mama yangu, aliyenilea kwa kuuza ndizi sokoni Mbuyuni, amekaa kwenye ngazi za watu kama mtu asiye na kwake, na mimi ndiye niliyemleta hapo na risiti mkononi.

Lifti yenyewe ni kisanduku cha kuingia mtu mmoja na begi, imechomekwa katikati ya ngazi. Ikatufikisha ghorofa ya tatu. Kutoka hapo hadi chumbani kuna ngazi nyingine saba, maana hoteli imeunganisha nyumba mbili ambazo sakafu zake hazilingani. 31 na 7 ni 38. Kupanda 38, kushuka 38, kila mara unapotaka hata kununua maji.

Chumba kilikuwa safi, sitawasingizia. Usiku kulikuwa na baridi, wakasema mitambo ya kupasha joto haiwashwi mpaka tarehe 1 Novemba kwa mujibu wa sheria. Hilo ni kweli, kwa mji kama Firenze ndivyo sheria ya Italia ilivyo, nikanyamaza na kumwongezea blanketi. Dirisha lilitazama ukuta wa nyumba ya nyuma.

Ijumaa mama hakutoka. Goti la kulia lilivimba, nikamkanda kwa taulo la maji ya moto. Mchana nikamletea supu ya maharage na mkate kwenye kopo la plastiki, akala amekaa kitandani. Kengele za mnara wa Giotto, ule ulio ubavuni mwa Duomo, zilipogonga akaniuliza, "Ndiyo lile kanisa?" Nikamwambia ndiyo mama, liko hapo nyuma tu. Dakika tatu kwa miguu, na hakuliona siku nzima.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu najua kuna watakaokuja kusema "ni majengo ya kale, ulitegemea nini?" Ninaelewa. Kitovu cha Firenze kiko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1982. Huwezi kutoboa ukuta wa jengo la karne nyingi uweke lifti utakavyo, kuna vibali na kuna mamlaka ya kulinda majengo ya kale. Sikuwaombea lifti isiyowezekana. Niliomba jibu la kweli. Kuba la Duomo, alilolijenga Brunelleschi likakamilika 1436, ukitaka kununua tiketi ya kulipanda unaambiwa kabisa: ngazi ni 463, lifti hakuna, mwenye matatizo ya moyo asipande. Mnara wa Giotto wanataja 414. Wanakwambia kabla hujatoa pesa. Hoteli inayoishi kwa kivuli cha kanisa hilo hilo ilishindwaje kuandika "kuna ngazi 31 kabla ya lifti"? Wanazipanda kila siku asubuhi wakija kazini! Walizijua, waliniona nimeuliza, na wakaandika "ndiyo".

Jumamosi nikamhamisha. Nilizunguka peke yangu asubuhi nikiingia hoteli moja moja, siulizi bei, nasimama mlangoni natazama chini. Karibu na stesheni nikapata moja ya kawaida tu, lifti inaanzia usawa wa barabara, hakuna ngazi hata moja. Usiku wa tatu tumeulipia mara mbili. Hapo ndipo nilipoona ujinga wa ile "mita 200 kutoka Duomo" niliyoilipia: mji wa kale wa Firenze upande huu wa mto Arno ni mdogo na ni tambarare, kutoka stesheni mpaka kanisani ni kama dakika kumi. Katikati nzima ni katikati. Tofauti iko mlangoni.

Na zile alama ambazo wageni huzipa hoteli mtandaoni msiziamini kichwakichwa. Ile hoteli ilikuwa na 9.4 kati ya 10 kwa mahali ilipo, na ndiyo iliyopandisha alama zote. Nilirudi kusoma maoni upya, mara hii yale mafupi ya alama ndogo: wawili walitaja ngazi. Niliwaona mwanzo nikadhani ni watu wa kulalamika. Kijana wa miaka 25 mwenye begi la mgongoni hawezi kukwambia habari za goti la mama yako.

Anayempeleka mzazi, usiulize kama lifti ipo. Uliza ngazi ni ngapi kutoka mtaani mpaka kitandani, na wajibu kwa namba. Kwa Kiitaliano ni hivi: Quanti gradini ci sono dalla strada alla camera? Wakikujibu maneno bila namba, tafuta kwingine.

Niliwaandikia nikidai angalau usiku mmoja urudishwe. Wamejibu sentensi mbili: lifti ipo kama tulivyoeleza, na masharti ya malipo uliyakubali. Hakuna pole. Hakuna hata neno moja kuhusu mama.

Jumapili alisali. Tulienda mapema, akakaa mbele, Misa nzima kwa Kiitaliano na yeye akaitikia kwa Kiswahili. Amerudi Moshi Jumanne, goti bado halijashuka.

Picha za ngazi na ule ujumbe wa "ndiyo, lifti ipo" wenye tarehe ninazo. Aliyewahi kudai pesa yake kwa hoteli ya Italia akiwa amelipa kwa kadi ya benki ya Ujerumani, anielekeze alianzia wapi.