Manusura akiuliza mshauri wake ni mwanamume au mwanamke, ajibiwe nini?

Swali hili mwanamke mmoja alilituma kwa barua pepe kwenye kituo cha manusura wa ubakaji mjini Edinburgh, Scotland. Alitaka kujua atakayekaa naye chumbani ni nani, kwa sababu mbele ya mwanamume asingeweza kuzungumza. Mshauri aliyepangiwa hajitambulishi kama mwanamume wala mwanamke. Mfanyakazi aliyetaka mama huyo apewe jibu la wazi, Roz Adams, aliandamwa kinidhamu hadi akaacha kazi. Mei 2024 mahakama ya kazi ikasema alionewa. Septemba ripoti huru ikaeleza kwamba kituo hakikuwalindia wanawake huduma ya wanawake peke yao, na mkuu wake, Mridul Wadhwa, ambaye ni mwanamke aliyebadili jinsia, yaani alizaliwa mwanamume na anaishi kama mwanamke, akaondoka.

Mimi msimamo wangu ni kwamba alistahili kujibiwa siku ileile. Mtu aliyeingiliwa mwili wake bila ridhaa hapaswi kufichwa tena jambo kuhusu nani anamkaribia.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: waliobadili jinsia nao wanabakwa. Kimberly Nixon wa Vancouver, Kanada, naye mwanamke aliyebadili jinsia, alipigwa na mwenzi wake, akasaidiwa na shirika la wanawake, naye akataka kuwasaidia wengine. Mwaka 1995 alikwenda kwenye mafunzo ya washauri ya Vancouver Rape Relief, shirika linalosaidia wanawake waliobakwa, akatolewa siku ya kwanza kwa sababu hakuzaliwa mwanamke. Baraza la haki za binadamu lilimpa fidia ya dola 7,500, mahakama zikaitengua, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kumsikiliza. Fedheha ile inaniuma hata sasa. Lakini tuangalie alichonyimwa: kiti cha mshauri. Kiti cha mshauri na mlango wa kuingia kupata msaada ni vitu viwili, na mjadala huu unavichanganya kila siku.

Kiti, na kikao cha kikundi, nasema manusura ndiye aamue. Mlango haufungwi kwa yeyote.

Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Aprili 2025 kwamba jinsia katika Sheria ya Usawa ya 2010 ni ile ya kimaumbile, ikakumbusha pia kwamba waliobadili jinsia bado wanalindwa dhidi ya ubaguzi. Wenzangu mlioshangilia hukumu hiyo, nijibuni: kwenye mji wenye kituo kimoja tu, mwanamke aliyebadili jinsia akibakwa leo usiku, mnampeleka wapi?