Gia ya Corolla 110 inacheza kama mwiko kwenye sufuria, shida iko wapi?

Kijana wa Mtama:
Habari za saa hizi wakuu, naombeni msaada. Nina Corolla 110 manyuo, natembelea nayo hapa Lindi na mara nyingine napanda nayo Newala kufuata mzigo. Siku za karibuni gia imelegea, yaani hata ikiwa fri unausukuma mti wa gia kulia kushoto unazunguka tu, haurudi katikati kama zamani. Tatu na nne zinaingia fresh ila moja inasumbua, unaweka moja gari inaondoka kwa kujivuta kumbe umeweka tatu, na rivasi ndo mpaka uibembeleze. Juzi kwenye ule mlima wa kupanda Newala ukitokea Masasi natafuta mbili nikapata nne, gari nusu izime kwenye kona na nyuma kuna fuso la korosho limenikaba. Fundi mmoja kaishika kidogo tu kasema giaboksi imekufa nikatafute ya mtumba Dar. Kweli giaboksi ndo inafanya hivi?

Spana 14:
Mkuu shika hela yako kwanza. Giaboksi iliyokufa inalia, au inakwangua ukibadili gia, au gia inaingia halafu inachomoka yenyewe ukiachia mafuta. Mti kucheza tu, hapo unaanza kuangalia vilivyo kati ya mkono wako na giaboksi. Kwenye 110 kuna kebo mbili, moja inapeleka gia mbele na nyuma, nyingine inachagua mstari wa kulia au kushoto. Wewe tatu na nne unazo, zilizopotea ni za pembeni. Ndani ya giaboksi kuna springi zinairudisha gia kwenye mstari wa tatu na nne muda wote, sasa kebo ya kuchagua ikilegea au bushi yake (kile kipete cha plastiki au raba kwenye ncha ya kebo) ikiisha hakuna cha kuitoa pale, ndo maana ukitaka moja unapewa tatu na ukitaka mbili unapewa nne.

Fanya hivi. Zima gari sehemu tambarare, handibreki juu, tairi weka jiwe. Fungua boneti, giaboksi iko upande wa abiria, mara nyingi ukitoa betri na boksi la ea klina unaziona ncha za kebo zimeshika vimikono viwili. Mtu akae ndani achezeshe mti kulia kushoto wewe unaangalia tu usishike. Kebo ikitembea halafu kimkono kimelala, bushi ya pale imekwisha. Kebo yenyewe isipotembea, rudi ndani, fungua ile plastiki ya kati uangalie ncha ya huku na kitako cha mti. Ikiwa huku ndani inatembea ila kule kwenye giaboksi haifiki, basi kebo imekufa ndani kwa ndani au imechomoka kwenye klipu inayoishika.

Da Zuhura wa Mikindani:
Na mauntini je, zile raba zinazoishika giaboksi kwenye bodi? Probox yangu gia ilikuwa inachezacheza hivyo hivyo mpaka nikabadilishiwa mauntini ya giaboksi.

Spana 14:
Dada mauntini ina dalili yake, ukikanyaga na kuachia mafuta injini na giaboksi vinarukaruka, na ukiondoka unasikia ngu! Gia ya huyu ndugu inacheza hata gari imezimwa, na inacheza kulia kushoto. Aiangalie akiwa pale pale, ila sio ya kuanzia.

Mzee wa Nachingwea:
Kijana kabla ya yote jaribu hili, halihitaji hata spana. Injini imezimwa ingiza gia zote, halafu iwashe ukanyage klachi uingize tena. Kama zimezimwa zinaingia laini na ukiwasha zinagoma, hiyo ni klachi haiachii, angalia mafuta yake na silinda zake. Na acha kuondokea tatu, unaichoma klachi pleti bure.

Kijana wa Mtama:
Wakuu nimefungua leo na mdogo wangu. Kebo inatembea kabisa ila kimkono hakiendi, pale kwenye tundu la ncha ya kebo kuna unga unga mweusi tu, bushi hakuna. Jirani ananiambia nikate raba ya tairi nichomeke, au nifunge waya.

Spana 14:
Umeshaipata mkuu. Raba ya kukufikisha nyumbani sawa, ila usikae nayo, unataka tano inakupa tatu ukiwa kasi injini inapiga makelele na inaweza kuharibika. Toa ncha ile upime tundu na pini, beba vipimo dukani maana bushi za kuuzwa zinatofautiana. Ukikosa dukani, mtu wa kuchonga vyuma anakuchongea ya nailoni, iingie kwa kubana kidogo. Wengine watakwambia kebo haiuzwi bila giaboksi, uongo, kebo inauzwa. Pini ikiwa imelika upande mmoja bushi mpya haimalizi wiki, badili na kimkono.

Mtu wa Mangaka:
Mimi ni Hilux, nayo mti unalegea, inanihusu hii?

Spana 14:
Yako haina kebo, mti unaingia juu ya giaboksi yenyewe. Toa buti ya raba, kuna kofia unaikandamiza na kuizungusha, nyingine zina bolti, unauchomoa mti mzima. Chini kwenye ncha kuna kikombe cha nailoni, hicho ndo kinaisha, ni cha bei ndogo. Weka grisi ukirudisha. Ila safisha vumbi lote kabla hujafungua na tundu liwe limezibwa na kitambaa muda wote, mchanga ukidondokea mle ndo utaitafuta giaboksi kweli.