Naombeni ushauri: Split, Dubrovnik na Kotor, mimi na mke wangu

Mwana_Pangani: Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao tunatoka Dar kwenda kuona miji ya ngome ya Bahari ya Adria, Kroatia. Split siku 3, kisha treni hadi Dubrovnik siku 6. Ndani yake tunalala Kotor, Montenegro, siku 2, halafu turudi Dubrovnik kupanda ndege ya nyumbani. Viza tunazo. Usingizi sipati, nahisi kuna kitu nimekosea.

Mpanda_Ngome: Ukuta wa Dubrovnik una mita 1,940 na unazungukwa kwa mwelekeo mmoja tu, kinyume cha saa. Ingieni kwa mlango wa Ploče asubuhi unapofunguliwa. Ukianzia huko unapanda mnara wa Minčeta, kilele chake, ungali na nguvu. Walioanzia mlango wa Pile wanakifikia mwishoni, jua likiwa utosini na kivuli hakuna. Ngome ya Kotor ngazi ni kama 1,350 na mawe yanateleza. Kandambili acheni.

Bi_Shamim: Ngome baadaye. Kaka, kwenye viza, penye idadi ya kuingia, pameandikwa 01 (mara moja) au MULT (mara nyingi)?

Mwana_Pangani: Ni ya Schengen, dada, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Kroatia imo tangu Januari 2023, na Montenegro wanampokea mwenye viza ya Schengen.

Bi_Shamim: Sikuuliza hilo. 01 au MULT?

Mwana_Pangani: 01. Lakini ni siku mbili tu, na mizigo mikubwa inabaki Dubrovnik. Chumba cha Kotor nimeshalipia, pesa hairudi.

Bi_Shamim: Montenegro haimo Schengen. Ukivuka mpaka wa Debeli Brijeg umeshatoka, na viza ya 01 imekwisha kazi hata kama tarehe zimebaki. Kurudi Kroatia hamruhusiwi. Mizigo itabaki Dubrovnik na ndege itawaacha.

Mzee_wa_Busara: Shemeji anajua? Jambo hili asilisikie mpakani mbele ya askari. Mwambie leo.

Kagua_Kwanza: Uzi huu nautilia shaka. Dubrovnik haina reli. Mtu angepangaje safari kwa treni isiyokuwepo?

Mwana_Pangani: Sijatunga, mkuu. Tiketi bado, nilidhani treni ipo. Nilicholipia ni ndege na vyumba.

Kagua_Kwanza: Basi nisamehe, ila hapo pana mtego mwingine. Mabasi kadhaa ya Split–Dubrovnik hupita Neum, ambayo ni Bosnia, nje ya Schengen. Kabla ya kulipa uliza kama linapita daraja la Pelješac, lililofunguliwa 2022. Likipita hapo hamtoki Kroatia. Au pandeni katamarani, boti ya kasi.

Bi_Shamim: Mkiitaka Kotor, iwekeni mwisho na mizigo yote mkononi, mrudi kwa ndege kutoka Podgorica, mji mkuu wa Montenegro, kupitia Istanbul. Mtakuwa mmetoka Schengen mara moja tu. Ndege isipobadilika, nendeni mji mdogo wa Ston: ukuta wake una zaidi ya kilomita 5, ulijengwa kulinda mashamba ya chumvi, na uko Kroatia humohumo.

Mwana_Pangani: Pesa ya Kotor inaniuma, nilikuwa natafuta mtu aniambie inawezekana. Nimemwambia mke wangu. Amenyamaza kitambo, kisha akauliza kuupanda ukuta wa Ston ni muda gani.

Mpanda_Ngome: Ston hadi kijiji cha Mali Ston kwa juu ya ukuta haifiki saa nzima. Mwinuko ni mkali, bebeni maji, na viatu viwe vya kufunga kamba.